Mboga ya Kubeba, Ifike Saa Saba Ikiwa Bado Chakula

Shule zikifunguliwa Januari na ofisi zikajaa tena, mlo wa mchana ndio wa kwanza kuyumba katika nyumba nyingi za Dar es Salaam. Sikukuu zimepita na pilau zake. Ada na sare zimekausha mfuko, saa ya kutoka nyumbani imerudi kuwa kumi na moja alfajiri, na mchana mtu hujikuta anachagua kati ya chipsi, sahani ya wali kwa mama ntilie, au kushinda na chai. Ndipo watu hukumbuka kubeba chakula. Jumatatu wanabeba, Jumanne wanabeba, Jumatano mchicha umechacha ndani ya kontena, na Alhamisi wanarudi kwenye chipsi.

Kinachowaangusha ni saa. Chakula kinachofungwa saa kumi na moja alfajiri na kuliwa saa saba mchana kimekaa saa nane: kimepanda daladala au mwendokasi, kimekaa chini ya kiti, kimesubiri juu ya meza, tena katika miezi ya joto kali la Pwani. Mapishi mengi tuliyorithi yalipikwa ili yaliwe papo hapo, yakiwa bado yanafuka moshi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na hizo saa nane. Chagua mboga na namna ya kuipika kwa kuangalia kama itazihimili, kisha ndipo ufikirie ladha.

Nasema mboga kwa makusudi. Nyama na samaki vina ugumu wao wa kubebwa, na bei yao baada ya sikukuu kila mtu anaijua. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na anayekula chipsi mchana atapata taabu kuzifikia kwa mlo wa jioni peke yake. Bakuli moja la kunde zilizoungwa kwa karoti na kabichi, na chungwa moja pembeni, linakuweka mahali pazuri kabla hata hujarudi nyumbani.

Moto kweli, au baridi kweli

Kanuni ya usalama wa chakula ni fupi. Chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Ama kiwe moto kupita nyuzi 60 za Selsiasi, ama kiwe baridi chini ya nyuzi 5. Katikati ya hapo vijidudu huzaana kwa kasi, na mchana wa Januari Dar es Salaam, wenye nyuzi 30 au zaidi, ni katikati kabisa. Chakula kibaya kuliko vyote ni kile kinachofungwa kikiwa vuguvugu ndani ya kontena la plastiki: mfuniko unazuia mvuke, unyevu unarudi kwenye mboga, na kufika saa nne asubuhi kazi ya kuchacha imeshaanza.

Wengi hujiliwaza kwamba watakipasha kwenye maikrowevu ya ofisini. Kupasha husaidia chakula kilichokaa vizuri. Hakukiokoi kilichokwisha kuharibika. Wali ni mfano mzuri. Kuna bakteria ambao chembe zao huhimili moto wa kuchemsha, zikaamka wali unapoachwa kwenye sufuria hadi asubuhi, na sumu wanayoitoa haiondoki hata wali uchemke upya. Kiporo cha wali ni salama ikiwa kilitandazwa kwenye sinia kikapoa haraka na kuingia kwenye friji ndani ya saa moja hivi. Kilicholala juu ya jiko, mpe kuku.

Basi una njia mbili za kubeba chakula kilichopikwa.

Ya kwanza ni chupa ya chakula ya chuma yenye kuta mbili, ile inayofanana na chupa ya chai lakini ina mdomo mpana. Hotipoti za plastiki tulizozizoea ni za mezani. Zimetengenezwa kutunza joto la chapati kutoka jikoni hadi wageni waketi, na kuzidai saa nane ni kuzionea. Chupa ya chuma nayo inahitaji kutayarishwa, na hapa ndipo wengi huilaumu bure. Ijaze maji yanayochemka, ifunge, uiache dakika 10 wakati unavaa. Mwaga maji, tia chakula kikiwa kinatokota, jaza hadi karibu na mdomo, funga mara moja. Chupa iliyojazwa nusu hupoa mapema. Saa saba ukiifungua, mvuke unapaswa kukupiga usoni. Ukikuta chakula kina uvuguvugu tu, chupa hiyo haitoshi kwa safari yako, na ni heri uijue siku ya kwanza kuliko siku ya tano.

Njia ya pili ni baridi. Chakula kilale kwenye friji usiku kucha ndani ya kontena lake, asubuhi kifungwe kwenye mfuko mnene pamoja na chupa ndogo ya maji yaliyoganda, iliyolala juu yake kwa sababu baridi hushuka. Maji hayo utayanywa mchana. Ofisini pakiwa na friji, kiingize mara ufikapo, usisubiri kumaliza salamu.

Asiye na chupa wala friji abebe vitu visivyohitaji ulinzi huo: chapati kavu, karanga, karoti nzima, tango zima, ndizi, chungwa. Ule mlo uliopikwa aule jioni. Si mlo wa kujivunia mbele ya wenzako, lakini haumlazi mtu kitandani.

Gengeni na sokoni

Nunua mboga kwa mpangilio wa kuharibika kwake, na uzipike kwa mpangilio huohuo. Mchicha, matembele, chainizi na majani ya maboga hupoteza nguvu ndani ya siku moja au mbili hata ukiyafunga kwenye kitambaa kibichi. Bamia, nyanya chungu, biringanya na hoho hufika katikati ya wiki. Kabichi, karoti, boga na vitunguu husubiri hadi Ijumaa na zaidi. Ukinunua vyote Jumapili na kuanza na kabichi kwa kuwa ndiyo rahisi kukata, Jumatano utakuwa unatupa majani ya njano.

Kabichi inadharauliwa bila sababu. Watu huiona kama mboga ya bweni, ya kumalizia mwezi. Kwa mtu anayebeba chakula hakuna mboga inayomfaa zaidi: haitoi maji mengi ikikaangwa kwa moto mkali, inabaki na meno yake baada ya kupoa, na kichwa kimoja kinamaliza wiki. Kichwa kizito kinachobana mkononi ndicho cha kuchukua. Chepesi chenye majani yaliyoachana kimeshaanza kunyauka ndani. Nyingi zinazoingia Dar es Salaam, pamoja na karoti na hoho, hushuka kutoka milima ya Lushoto. Nyanya nyingi hutoka Iringa, hasa Ilula, na Januari chagua zile ngumu kidogo, kwa kuwa zilizoiva sana zimeshapondwa na safari.

Kuhusu majani, muulize muuza genge yalikolimwa. Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu hadi nne tu tangu kupandwa, ndiyo maana unalimwa hata mabondeni katikati ya jiji, na maji ya baadhi ya mabonde hayo hupitia viwandani na kwenye mifereji ya maji machafu. Kuosha huondoa udongo na vijidudu vingi. Hakuondoi kemikali ambazo mmea umezinywa kwa mizizi. Ukimpata muuzaji anayejua bustani ya mboga zake, mshike huyohuyo.

Osha majani kabla ya kuyakata, si baada, maana vitamini C hutoka na maji kupitia sehemu zilizokatwa. Na magadi, tafadhali, yaache kabatini. Yanafanya mboga ilainike upesi na kubaki na rangi ya kijani ya kupendeza, lakini yanaharibu vitamini C pamoja na vitamini B1. Maharage yakiwa magumu, dawa yake ni kuyaroweka.

Sufuria la Jumapili

Wiki nzima hutegemea sufuria moja. Jumamosi usiku roweka nusu kilo ya kunde, mbaazi au maharage kwenye maji mengi. Jumapili mwaga maji hayo, tia mapya, chemsha hadi ziive lakini zisivurugike. Nusu kilo kavu ikiiva huwa zaidi ya kilo moja, yaani milo sita hivi ya mtu mmoja. Usitie nyanya wala ndimu zikiwa bado ngumu, kwa sababu uchachu huzuia maganda kulainika. Chumvi kidogo haina neno.

Maharage mekundu yana sharti lake. Yakiwa mabichi au yameiva nusu, yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuhara, na moto mdogo hauimalizi. Baada ya kuyaroweka, yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili mwanzoni, kisha ndipo upunguze moto. Kunde, choroko na dengu hazina usumbufu huo, na ndiyo maana mimi humshauri anayeanza aanze nazo. Choroko hazihitaji hata kurowekwa. Nusu saa hadi dakika 45 zimeiva.

Zikiiva, ziipue, ziache zipoe upesi kwenye chombo kipana, kisha zigawe kwenye vikontena vya mlo mmoja mmoja. Za siku tatu za kwanza zikae chini kwenye friji, zilizobaki zigande juu. Usiziunge zote siku hiyo. Kosa la kuunga sufuria zima Jumapili ni kwamba unakula ladha moja siku tano, na siku ya nne hata njaa haitakushawishi. Zikiwa zimechemshwa tu, Jumatatu ni za karanga, Jumatano ni za biringanya, Ijumaa ni makande.

Gesi ni ghali na mkaa vilevile, kwa hiyo kuna ujanja unaofaa kujulikana. Chemsha kunde zilizorowekwa kwa dakika 15 kwenye sufuria lenye mfuniko unaobana, kisha liingize likiwa linatokota ndani ya kikapu kilichotandikwa blanketi au nguo nzito, ulifunike pande zote na uliache saa tatu au nne bila kufungua. Joto lililomo litamalizia kazi. Ukilitoa, lichemshe tena dakika chache kabla ya kula. Kwa maharage mekundu zile dakika 10 za kuchemka kwa nguvu zitangulie kwanza.

Vya kupika asubuhi bila kuchelewa gari

Kunde za karanga ndizo ningekupa Jumatatu. Kaanga kitunguu kimoja kwenye mafuta kidogo, tia kitunguu swaumu, kisha nyanya mbili zilizokatwakatwa, uzipike hadi zivurugike na mafuta yaanze kujitenga. Paruza karoti mbili, zitie, halafu vikombe viwili vya kunde zilizochemshwa. Koroga vijiko viwili vikubwa vya karanga zilizosagwa kwenye nusu kikombe cha maji ya moto, mimina, acha vitokote dakika 10 huku ukikoroga chini maana karanga hushika sufuria. Viwe vizito, visiwe mchuzi. Hapo pana milo miwili ya watu wazima. Kamulia ndimu unapokula.

Unaweza kushangaa kwa nini karanga na si nazi, hasa kama umekulia Tanga au Unguja. Nazi ina utamu wake, nami siibishi, lakini tui ndilo la kwanza kuchacha katika jikoni lolote. Chakula cha nazi kiweke kwa ajili ya jioni, au kiingie kwenye chupa ya chuma kikiwa kinatokota na kiliwe siku hiyohiyo. Karanga nazo zichague. Zilizosinyaa, zenye ukungu au uchungu zinaweza kubeba sumu ya ukungu ambayo kukaanga hakuiondoi, kwa hiyo nunua zilizo nzima, uzichambue mwenyewe, kisha upeleke kusaga.

Mseto wa choroko na mchele ni chakula cha sufuria moja kinachofaa sana chupa ya chuma. Choroko nusu kikombe zianze kuchemka peke yake dakika 20. Tia mchele kikombe kimoja uliokwisha kuoshwa, karoti iliyokatwa vipande vidogo, njegere kama zipo, kitunguu, binzari nyembamba na chumvi. Maji yawe vidole viwili juu ya mchele. Funika, punguza moto, dakika 20 nyingine vimeiva. Anayeamka mapema anaweza kuuacha ukijipika wakati anaoga. Uwe laini kidogo kuliko wali wa kawaida, kwa kuwa utaendelea kunywa maji ndani ya chupa.

Kabichi ya chapati ni ya siku za baridi, yaani za kontena na barafu. Waganda wana rolex yao, chapati iliyoviringiwa mayai na mboga, inayouzwa kila kona ya Kampala. Hii ni ndugu yake isiyo na mayai. Katakata robo ya kabichi nyembamba kabisa, karoti moja, nusu hoho na kitunguu. Kikaango kiwe cha moto sana kabla mafuta hayajaingia. Tia vyote, geuzageuza dakika 4 au 5, tia manjano na pilipili manga, na chumvi iwe ya mwisho kabisa, kwa sababu chumvi ya mapema huvuta maji na kaango likageuka mchuzi. Kisha subiri. Tandaza kabichi kwenye sahani hadi ipoe kabisa ndipo uipange juu ya chapati na kuviringa. Ukiviringa ikiwa ya moto, mvuke utaitotesha chapati na mchana utakuwa unakula karatasi iliyolowa. Chapati zenyewe zinaweza kupikwa Jumapili na kugandishwa, kila moja ikiwa imetenganishwa na ya pili kwa karatasi. Kunde kidogo zilizopondwa na kupakwa kabla ya kabichi zitaifanya ikushibishe hadi magharibi.

Biringanya zinataka uvumilivu kidogo, kwa hiyo zipike usiku wakati chakula cha jioni kiko jikoni. Zikate vipande vinene, zikaange kwenye mafuta kiasi hadi ziwe za kahawia pande zote, uziweke kando. Kaanga kitunguu, tangawizi, nyanya na nyanya chungu zilizopasuliwa mara nne, kisha rudisha biringanya, ongeza mbaazi zilizochemshwa, acha zishikane dakika chache. Ladha yake huzidi kukolea zikilala kwenye friji. Zibebe zikiwa za baridi na viazi vitamu vilivyochemshwa, au zitokote upya asubuhi ziingie kwenye chupa.

Kuhusu viazi vitamu: vile vya rangi ya chungwa ndani, vinavyoitwa viazi lishe, vina kirutubisho ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, sawa na karoti na boga. Kirutubisho hicho huhitaji mafuta kidogo ili kifyonzwe, kwa hiyo mchana wa karoti mbichi tupu au kiazi kitupu una kasoro. Karanga kidogo au kipande cha parachichi kinatosha.

Ijumaa ni ya makande, na kwa chupa ya chuma sijaona kinachoyashinda. Wapare na Wasambaa wanayajua kuliko mtu yeyote, na Wakenya wana githeri yao. Mahindi yaliyokobolewa hurowekwa pamoja na maharage na kuchemshwa Jumapili, kisha hugandishwa. Asubuhi kaanga kitunguu, nyanya, karoti na kabichi iliyobaki wiki nzima, mimina makande na maji kidogo, yatokote dakika 15. Chakula kizito chenye maji kidogo kama hiki hutunza joto kuliko kikavu, ndiyo maana saa saba bado kinaunguza ulimi. Pilipili mbuzi moja nzima, isiyopasuliwa, iingie humo ndani ikipikwa. Harufu itabaki, ukali utakuwa wa anayeutaka.

Majani na mahali pake

Hapa wasomaji wengine watanikatalia. Mchicha, matembele na chainizi si vya kubeba. Vikikaa kwenye joto kwa saa nyingi rangi yake hugeuka ya kaki, harufu hubadilika, na sehemu kubwa ya vitamini C inakuwa imekwenda. Vikipoa hutoa maji yanayototesha wali wote. Vipike jioni, dakika tano tu, viliwe mezani na familia, na mchana uwe wa kunde na mboga ngumu. Mtu ambaye hawezi kabisa kula mchana bila majani aupike mchicha bila maji ya ziada, aubane kwenye chujio hadi ukauke, auchanganye na karanga, kisha aubebe baridi katika kontena lake mwenyewe, mbali na wali.

Kisamvu ndicho pekee kinachotoka kwenye kanuni hii. Kimeshatwangwa, kimeshapikwa kwa muda mrefu, hakina tena cha kupoteza kwa kukaa kwenye chupa, na wengi tunakiona kitamu zaidi siku ya pili. Lakini kisipikwe kwa haraka ya asubuhi. Majani mabichi ya muhogo yana kemikali inayotoa sayanaidi. Kutwanga vizuri na kuchemsha muda mrefu bila kufunika ndiko kunakoiondoa. Kipike mwishoni mwa wiki kwa wingi, ukigandishe kwa mafungu.

Kachumbari ibebwe bila chumvi na bila ndimu, uitie vyote mezani. Ukitia nyumbani, saa saba utakuta supu ya nyanya. Na msimu wa mvua ukifika, ukisikia tangazo la kipindupindu, acha mboga mbichi zote isipokuwa zile unazomenya mwenyewe.

Jambo moja zaidi kwa akina mama hasa, kwa kuwa upungufu wa damu huwapata wao zaidi. Madini ya chuma yaliyomo kwenye kunde na mboga hufyonzwa kwa shida kuliko ya nyama. Vitamini C huyasaidia, chai huyazuia. Ndimu kwenye kunde, au chungwa, pera au kipande cha embe baada ya mlo, vitafanya kazi kubwa. Chai ya rangi isubiri saa moja.

Nyumba isiyo na friji

Ratiba ya Jumapili haikufai kama ilivyo, lakini usiiache yote. Roweka kiasi cha siku moja tu kila usiku, kikombe kimoja cha kunde, uzichemshe kesho yake kwenye jiko lilelile linalopika chakula cha jioni. Ziive usiku, ziliwe zote usiku huohuo. Za kubeba usiziache hadi asubuhi zikiwa kwenye joto la chumba. Bora upike choroko mpya alfajiri, ambazo hazihitaji kurowekwa. Kabichi, karoti, vitunguu na boga havidai friji. Mtu wa namna hii chupa ya chuma inamfaa kuliko mwenye friji, kwa sababu njia ya moto ndiyo pekee aliyo nayo.

Watoto

Mtoto hali kwa sababu chakula kina afya. Anakula kinacholiwa kwa mkono mmoja wakati mkono mwingine umeshika mpira. Chapati ya kabichi ikatwe vipande vinne na kufungwa moja moja. Karoti zikatwe ndefu. Makande kwenye chupa ndogo ni mazuri, mradi ujaribu kwanza nyumbani kama anaweza kuifungua mwenyewe, maana chupa ya moto ikipoa hubana mfuniko kwa nguvu, na mwalimu ana watoto wengi wa kuhudumia. Karanga nzima zisifungiwe mtoto wa chini ya miaka mitano kwa kuhofia kumpalia, na hata zilizosagwa uliza shule kwanza, kwa sababu wapo watoto wanaodhurika nazo. Ongeza mboga mpya moja tu kwa wiki, ikiwa pembeni ya kile anachokipenda. Kontena likirudi na karoti zote, lirudishe kesho na karoti chache, usigombane.

Usijifunge kubeba siku tano mwanzoni. Beba siku tatu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na siku mbili zilizobaki nenda kwa mama ntilie bila kinyongo. Maharage yake yameiva vizuri na sahani yake ina mchicha uliopikwa muda huohuo, ule niliosema usibebwe. Na kama bajeti ya Januari inaruhusu kununua kitu kimoja tu cha jikoni, kiwe chupa ya chakula ya chuma yenye mdomo mpana. Kontena za rangi na mifuko ya maua vinaweza kusubiri mshahara wa Februari.